Kicheko cha Ndugu Wawili

Siku Ndambuki alipopanda mkonge wa mpaka mpya, alicheka. Hakutoa sauti. Alitoa meno tu na kuyaacha nje, kuanzia mche wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya wazee wa ukoo, saa sita mchana, huku kaburi la ndugu yake liko pale juu halijaota hata unyasi.

Mbinya alimwona vizuri. Alikuwa amesimama kando ya kaburi lenyewe, leso kiunoni, na aliyelala humo alikuwa Maundu, mume wake. Mtu gani huyu, alijiuliza. Amechukua shamba, amechukua jina letu, na bado anatuchekea? Wazee nao waliona, maana mmoja alimwambia, "Ndambuki, wewe, heshimu marehemu." Ndambuki aligeuka mwili mzima badala ya shingo, akajibu kitu ambacho hakikueleweka, na meno yakabaki pale pale.

Mbinya akatetemeka, na jua lote lile. Kicheko hicho alikuwa amewahi kukiona.

Sasa sikiliza habari ya ule mpaka. Baba wa Maundu na Ndambuki aliwaachia shamba la mteremko, chini ya barabara ya Masii, akaligawa kwa mstari wa mkonge. Chini kabisa, ukingoni mwa mto, kuna kipande ambacho hakikauki hata kiangazi kikiwa cha kuua mbuzi. Hapo ndipo Mbinya alipolima nyanya na sukuma wiki, na hapo ndipo karo ya watoto ilipotoka. Mvua kubwa ikaja, mto ukahama, ukabeba mkonge wote wa chini. Maji yalipopungua, kila ndugu alikuwa na mpaka wake kichwani. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani walichukua majembe kweli, wakalima yao. Hakuna aliyejisumbua kuwapatanisha.

Mwishowe wakala kithitu. Na kithitu si mchezo. Ni hirizi ya kiapo ya Wakamba, na hata shemasi wa kanisa hupunguza sauti anapokitaja. Unakigonga kwa kijiti mbele ya wazee na kusema: kama nimedanganya, kinile mimi. Maundu aligonga. Ndambuki aligonga. Kisha watu wakarudi makwao kungoja kuona nani ataliwa.

Hawakungoja sana. Wiki haijaisha vizuri, Maundu aliamka taya limekaza, uji haupiti. Jioni shingo ikakataa kugeuka. Kesho yake mgongo ukajipinda kwa nyuma, na uso, jamani, uso ulikuwa unacheka. Akina mama wa kanisa wakaja na ngoma na kayamba. Walifungua mlango na madirisha yote ili pepo apate pa kutokea, wakamkemea kwa nguvu zao zote, na kila walipopandisha wimbo ndivyo Maundu alivyozidi kujipinda. Walisema ni pepo anateseka, wazidishe. Mbinya aliimba kuliko wote.

Walipopumzika kunywa chai, alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili akamuuliza usoni, "Baba Ndunda, ulidanganya? Niambie tu, nitaenda kwa wazee nikuombee msamaha. Ulidanganya?" Maundu alimtazama. Alikuwa anacheka. Mbinya akakiachia kile kichwa, akatoka nje, akaenda kukaa jikoni na hasira yake. Huko ndiko walikomfuata kumwambia kwamba mumewe amekata roho.

Basi akawa mke wa mwongo. Hakuna aliyemwambia machoni, lakini kisimani mazungumzo yalikatika akifika. Ndunda, mtoto wake wa kwanza, alirudi kutoka shuleni na shati limechanika, akakataa kusema alipigania nini. Wazee wakampa Ndambuki kile kipande cha mtoni. Ila hayo yote Mbinya angeyavumilia. Kilichomshinda ni kile kicheko. Hakikuzikwa. Akisugua sufuria kinamtazama kutoka ndani, akiinama kuwasha moto anakihisi nyuma ya mgongo. Ulinicheka, Maundu. Ulidanganya ukatuua, halafu ukanicheka.

Ndiyo maana meno ya Ndambuki pale mpakani yalimtoa jasho baridi.

Asubuhi iliyofuata, Mueni, mke wa Ndambuki, alipanda mteremko mbio, miguu mitupu.

"Mama Ndunda! Nisaidie! Hafungui mdomo, mgongo unajikunja!"

Mbinya hakuinuka kwenye kigoda. "Wewe una majirani, Mueni. Una wazee."

"Wamekataa! Wanasema kithitu kimerudi. Nimeita boda boda, wakisikia ni nani mgonjwa wanageuza. Wanasema ukimgusa unakibeba mpaka kwako, na mimi niko na watoto."

"Na mimi je? Nikigusa?"

Mueni alitazama chini. "Kwako kilishapita. Wanasema hakirudi mahali kimekula."

"Asi!" Mbinya alicheka kwa uchungu. "Kumbe ninyi mmenifanya jalala."

Lakini tusifichane, Mbinya alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Kama kithitu kimemkamata Ndambuki, basi mwongo ni Ndambuki! Maundu ataoshwa jina. Huyu akifa, ule mkonge utang'olewa, nyanya zitarudi, Ndunda ataacha kupigana shuleni. Na yeye Mbinya hakuhitaji kunyanyua hata kidole. Alihitaji tu kukaa pale kwenye kigoda chake.

Akainuka. Ila hakwenda kusaidia, alikwenda kutazama.

Ndambuki alikuwa kitandani, jua la dirishani likimpiga. Kisogo na visigino ndivyo vilivyogusa godoro, sehemu nyingine yote iko juu. Kisha mwili ukashuka polepole, akabaki akihema kwa pua. Meno nje. Nyusi juu. Mbinya alisimama mlangoni akasahau alichojia, maana aliyelala pale alikuwa Maundu. Pua si yake, nywele si zake, lakini uso ulikuwa wa Maundu, ule ule aliouachia.

"Sema," Mbinya akamwambia. "Sema ulimfanya nini ndugu yako."

Ndambuki akamchekea.

Nyuma yake, kifuniko cha sufuria kikamponyoka Mueni, kikagonga sakafu ya saruji. Ndambuki aliruka. Mgongo ulipinda mpaka kitanda kikalia, na sauti ikapita katikati ya meno, sauti ambayo Mbinya hatasahau akizeeka. Kifuniko kikazunguka, kikatulia. Ndambuki naye akashuka.

Mbinya alikitazama kile kifuniko. Akamtazama mgonjwa. Akainama, akakiokota, akakigonga sakafuni kwa makusudi.

Ndambuki akapinda tena.

"Mama Ndunda! Unamuua!"

"Nyamaza!" Akanong'ona, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mueni, tangu lini kithitu kinasikia kifuniko? Kiapo kinangoja sufuria ianguke ndiyo kile mtu?"

Mbinya hakuwa anamwona Mueni tena. Alikuwa anasikia kayamba. Alikuwa anajisikia mwenyewe akiimba juu ya wote, na mwili wa mumewe ukipanda na kushuka kufuata wimbo wake. Akashika mlango. Hakujua ugonjwa huu unaitwaje. Alijua tu kwamba ni kitu cha mwili, na vitu vya mwili vina hospitali.

"Funga dirisha," alisema. "Fukuza hao kuku. Na ukilia, lia kimya."

Ilikuwa siku ya soko, na Dayib, yule Msomali anayenunua mbuzi, alikuwa Masii na pikapu yake. Mbinya alimpigia simu. Dayib alifika akiwa bado na harufu ya mbuzi, akawakuta watu wamejipanga kando ya barabara kama wanaopokea maiti.

"Dayib, achana na hiyo!" mmoja akamwonya. "Ni kithitu!"

"Wallahi mimi siapi isipokuwa kwa Mwenyezi Mungu," Dayib akajibu. "Hicho chenu hakina namba yangu."

Mbinya alishika mabega, Dayib akashika miguu. Hakuna mwingine aliyesogea. Mueni akapanda nyuma pamoja nao, wakamfunika Ndambuki uso kwa leso ya Mbinya kuzuia mwanga. Dayib akazima redio, hakupiga honi hata mara moja, na kwenye kila tuta alipita kwa upole ambao mbuzi wake hawajawahi kuuonja.

Kule mjini, hospitalini, daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Wacera. Alimtazama mgonjwa kidogo tu, akaita watu wake, na yote yakafanywa kwa minong'ono: sindano, maji ya mshipa, dawa ya kulegeza misuli, chumba cha mwisho chenye mapazia mazito. Kisha akawatoa nje.

"Ni pepopunda," alisema. "Ametoboka wapi? Msumari? Mwiba?"

"Hana kidonda," Mueni akasema haraka.

"Mama, hii haiingii kwa hewa. Wadudu wake wako kwenye udongo na kwenye samadi. Wanaingia na jeraha, jeraha linafunga, na kule ndani ambako hewa haifiki wanatengeneza sumu. Inaweza kuwa kidogo sana. Wewe unasahau, yenyewe haisahau."

Muuguzi akatoka chumbani. Alikuwa ameona alama kwenye kifundo cha mguu, nyuma: mistari midogo imepangwa, imeshapona kabisa.

Wote wakamtazama Mueni. Mueni akavuta leso mdomoni.

"Kuna mama mmoja mganga huko Kyumbi," alisema mwishowe. "Alimchanja kabla ya kwenda kula kithitu. Alitaka kinga. Aliambiwa aende na udongo wa ule mpaka, ukapakwa kwenye chale."

"Udongo wa pale mpakani?" Mbinya akauliza. "Pale mbuzi wanalala?"

"Hapo."

Dayib akasema subhanallah. Mbinya alikuwa amekumbuka kitambaa chenye maji moto, na yeye akimpangusa Maundu jasho, na pale chini ya sikio mistari midogo imepangwa. Alidhani amekwaruzwa na miba ya michongoma. Hata hakuuliza.

"Daktari," alisema. "Mume wangu alikuwa nazo. Shingoni. Wote waliapa siku moja. Kwa nini yeye alikufa mapema hivyo, na huyu amekuwa akitembea?"

Wacera akaketi karibu naye kwenye benchi. "Sumu hii haikai kidondani. Inaingia kwenye ncha ya neva, ule uzi unaotuma habari kwenye misuli, kisha inapanda nao polepole mpaka kwenye uti wa mgongo. Kutoka shingoni ni karibu. Kutoka kifundo cha mguu ni safari ndefu."

"Na ikifika inafanya nini?"

"Mwili una wanaosema kaza, na una wanaosema basi, inatosha, legeza. Bila hao wa pili hata kikombe huwezi kushika, utakivunja. Sumu inawaendea hao wa kusema basi. Ujumbe wao umefungwa kwenye vifuko vidogo, tayari kutumwa. Sumu inakata kile kishikizo kinachofungua vifuko. Ujumbe upo, lakini hautoki. Kwa hiyo mlango ukigongwa, mwanga ukiingia, misuli yote inaambiwa kaza, na hakuna wa kuiambia basi. Hata ya uso. Ndiyo anaonekana anacheka."

Dayib alikuwa amechutama ukutani. "Na ile ya ng'ombe, daktari? Kule Yatta, ukame ukikaza, ng'ombe wanatafuna mifupa ya wenzao waliokufa. Halafu wanalegea. Analala chini, hata ulimi hauvuti, lakini macho yanakutazama."

"Hiyo ni ndugu yake," Wacera akasema. "Zinatumia mkasi wa namna moja. Ila hiyo haipandi mgongoni. Inabaki pale neva inapokutana na msuli, inawakata wale wa kusema kaza. Mmoja anakaza, mwingine analegeza. Huko Nairobi kuna watu wanalipa wadungwe tone lake usoni, makunyanzi yalale."

"Wanalipa?" Dayib akatikisa kichwa. "Dunia imeisha."

Mbinya hakucheka. Kulikuwa na swali kooni mwake, na alilizunguka kabla ya kuliuliza.

"Na akili? Mtu akiwa vile, anajua?"

"Akili haiguswi, mama. Anasikia kila neno. Ndiyo tunanong'ona."

"Na yule wangu. Ningemleta?"

"Ya shingoni ni ngumu," Wacera alisema. "Singekuahidi. Lakini tungemweka gizani, na tungenyamaza."

Mbinya akaitikia kwa kichwa. Alikwenda chooni, akafungua bomba, akauma leso yake ili asipige kelele.

Sumu iliyokwisha kuingia kwenye neva haitolewi, ndivyo walivyoambiwa. Wanazuia iliyobaki njiani, halafu wanangoja mwili uote ncha mpya, na mwili hauharakishwi. Ndambuki aliwekwa bomba kooni apumue. Mueni alikuwa na watoto wadogo, kwa hiyo wakapokezana, na kijiji kikashangaa kuona mjane wa Maundu anapanda gari la mjini na chupa ya uji kumwangalia shemeji aliyemnyang'anya shamba. Wengine walisema amerogwa. Alijifunza kuvua viatu mlangoni. Alijifunza kusogeza kiti kwa kukiinua. Alikaa kwenye lile giza na ule uso, na kwa siku nyingi uso haukubadilika. Ulimcheka alipoingia, ukamcheka alipotoka.

Anasikia, alijikumbusha. Basi akawa anamwambia mambo madogo kwa sauti ya chini. Mvua imenyesha. Mbuzi wenu amezaa. Na siku moja, akiwa amechoka, alimwambia, "Shemeji, hata wewe ukifa sijui nitamuuliza nani."

Mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele walipomtoa bomba na kumrudishia sauti. Sauti yenyewe ilikuwa mbovu, ya kukwaruza. Mbinya alikuwa peke yake naye, pazia limefunguliwa kidogo.

"Tulikutana," Ndambuki alisema.

"Na nani?"

"Maundu. Kule Kyumbi, mlangoni kwa yule mama. Yeye alikuwa anatoka, mimi naingia. Tukasalimiana. Nikasema habari, akasema nzuri. Kila mtu akaangalia upande wake." Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Mimi sijui mkonge ulikuwa wapi, Mbinya. Mto ulibeba kila kitu. Nilifikiria najua, lakini nikiwa peke yangu sikuwa na hakika. Na nilipomwona pale mlangoni nikajua hata yeye hana hakika. Hakuna aliyedanganya. Tuliogopa tu, wote wawili. Tungeongea siku hiyo..." Akaacha. "Mwambie Mueni ang'oe ile mikonge."

Hilo ndilo neno alilolitaka. Jina la Maundu limeoshwa, shamba limerudi, Ndunda atatembea kichwa juu. Mbinya alilingoja limfurahishe. Halikumfurahisha, kwa sababu kulikuwa na lingine.

"Shemeji," alisema. "Siku ile nilikuja kwako nikakuambia sema, ukanicheka. Ulikuwa unawaza nini?"

Ndambuki alimtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Kukucheka? Nilikuwa nalia," akasema. "Nilitaka kukuita jina nikashindwa. Nililia mpaka nikadhani unaona. Kumbe uso ulikuwa unafanya mambo yake?"

Mbinya alikaa kidogo na mikono yake miwili mapajani, ile iliyoshika kichwa cha Maundu na kukiachia. Akainuka, akainua kiti akakirudisha ukutani, akatoka.

Aliposhuka kwenye gari hakwenda nyumbani. Alikwenda kaburini. Nyasi zilikuwa zimeota sasa, fupi, za kijani. Alivua viatu, akaketi chini karibu na upande wa kichwa, akaanza kumweleza mumewe, kuhusu mpaka, kuhusu mto, kuhusu chai waliyokuwa wanakunywa yeye alipotoka kwenda jikoni. Alisema hayo yote karibu bila sauti, ameinama, midomo ikigusa nyasi.

Kule chini mpakani Mueni, ambaye Mbinya alikuwa amempigia simu kuhusu mkonge tu, alikuwa ameshaanza kuung'oa kwa jembe. Akamwona, akanyoosha mkono, akamwita kwa nguvu kama watu wa mteremko wanavyoitana.

"Mama Ndundaaa! Amesema nini kingine?"

Mbinya akageuka haraka, kidole mdomoni.

"Polepole, Mueni," alisema. "Anasikia."